Kikombe cha Kurudisha

1

Ijumaa ile utepe ulisoma mita thelathini na nane na sentimita tano. Nikaushusha tena, maana kipimo cha kwanza huwa sikiamini, hasa kikinipendeza. Ukasoma vilevile.

Niseme kwanza kazi yangu ili tusipotezane. Naitwa Yaledi Mheta, mpima maji wa Chilewela. Kila Ijumaa asubuhi nashusha utepe ndani ya bomba jembamba la chuma lililozamishwa ardhini karibu na mnara wa mawasiliano, mpaka ncha yake iguse maji na kulia. Namba ninayoisoma ni umbali wa kutoka mdomo wa bomba hadi maji yalipo. Namba ikipungua, maji yamepanda. Ndani ya bomba kuna chombo kinachojisomea chenyewe kila baada ya dakika kumi, lakini sheria inataka na mtu apime kwa mkono wake, na namba mbili zikubaliane. Walioiandika sheria ile nadhani waliwahi kuchezewa na vyombo.

Bonde zima lilikuwa linasubiri thelathini na nane kamili. Ukame wa miaka tisa uliyashusha maji ya ardhini hadi mita sitini na moja, na hapo ndipo wakubwa walipotuletea punje. Ni kitu kidogo cha ukubwa wa punje ya mchele, kinapandikizwa chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Kinauambia ubongo kwamba mwili haudai maji, na kinaziambia figo zibane. Mwenye punje anaishi kwa vikombe vitano vya nusu lita kwa siku, kwa jua hili la Ugogo, na kiu haisikii kabisa. Kwa kuwa haisikii, anakunywa kwa kengele. Inalia mara tano, watu wanaacha walichoshika na kunywa.

Anayeikosa kengele hana kitu kingine cha kumkumbusha. Mwili unanyamaza tu, mpaka anakutwa kalala, midomo imepasuka na macho yamezama. Sisi tunasema kakauka. Mwaka uliopita walikauka watu mia moja na kumi na wawili katika bonde zima, karibu wote wazee, na wengi wao walikuwa na kikombe chao mezani, kimejaa.

Siku namba yangu na ya chombo zitakaposoma thelathini na nane, mnara utatuma ishara, punje zote zitalala kwa mpigo, kiu itarudi, na pampu za visima zitafunguliwa.

Mimi peke yangu hapa Chilewela sina punje. Nayo ni sheria, anayepima maji lazima awe anayaonea kiu, la sivyo atayapima kama fundi anavyopima mbao. Vikombe ninapewa vitano kama wenzangu. Kwa hiyo nina kiu kwa mwaka wa sita sasa. Silalamiki, ila mtu akiniona nimenuna asiulize kwa nini.

2

Nilikuwa na sababu yangu ya kuitaka namba ile, na ilikuwa imekaa jikoni ikichambua mlenda.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, mwanangu. Yamepanda?"

"Yamepanda. Zimebaki sentimita tano."

Mama yangu, Bi Mbeleje, ana miaka sabini na minne. Alikuwa ameshakauka mara mbili. Mara ya kwanza, mwezi wa nne, jirani yetu Mama Chalo alimkuta kaegemea ukuta, anaongea na dada yake aliyekufa zamani. Mara ya pili, mwezi wa sita, alilazwa siku kumi na moja. Daktari alinivuta pembeni akaniambia mambo mawili. La kwanza, mama ameanza kusahau, ndiyo maana kengele zinampita. La pili, figo zake zimechoka, na akikauka mara ya tatu nisitegemee kurudi naye nyumbani.

"Cha saa tano umekunywa?" nikamuuliza.

"Nimeshamalizana nacho."

Nikakitazama kikombe chake cha bati kilichopakwa rangi ya bluu. Kilikuwa kitupu. Nikaridhika, kwa sababu nilitaka kuridhika.

"Ijumaa ijayo kiu inarudi, mama. Hutahitaji kengele tena. Koo lenyewe litakwambia."

"Mimi hiyo kiu hata siikumbuki," akasema, akatupa bua moja la mlenda kwenye ungo. "Naona ilikuwa kero tu."

Sikubishana naye. Nilikuwa na furaha, na kwangu hilo lilikuwa jambo geni kiasi kwamba niliogopa kuligusa.

3

Jumatano akanipigia simu Injinia Madeje wa ofisi ya bonde. Ni mtu mwema, ila akifurahi anaongea kama yuko jukwaani.

"Dada Yaledi, nimepita bwawani leo. Bado limejaa! Watu wanaoga, ng'ombe wamenenepa. Nimeshaagiza maturubai ya sherehe."

"Bwawa hujaa kwa wiki moja, Injinia. Na Oktoba linakuwa tope. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Nalijua. Lakini na chini si yanapanda?"

Yalikuwa yanapanda kweli, na hilo ndilo lililoanza kunikera. Mvua ikinyesha, maji ya juu hukimbilia bwawani siku hiyohiyo na kila mtu anayaona. Ya chini hayana haraka. Yanapita kwenye mchanga, yanafika kwenye udongo wa mfinyanzi na kukaa hapo miezi, yanatafuta ufa, yanaingia kwenye mwamba uliooza, na ndipo yanapofika kwenye hodhi ambalo visima vyetu vinateka. Mwaka juzi hodhi lilipanda mita moja na nusu. Mwaka jana mbili. Mwaka huu, tangu mvua za Machi mpaka mwezi huu wa nane, bomba langu lilikuwa limeonyesha mita saba. Mvua zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa nzuri namna hiyo.

Nilikuwa nimeliona hilo tangu Juni, nikajipa majibu mepesi. Alhamisi nikaona haya. Kesho yake ningeandika namba ya watu elfu sitini, na sikuwa hata nimelikomba bomba.

Kulikomba ni hivi: unachukua kopo refu jembamba lililofungwa kamba, unateka maji yaliyomo bombani mpaka yashuke sana, kisha unakaa na kungoja. Chini kabisa bomba lina chujio, na maji ya ardhini yanaingilia hapo. Bomba lenye afya hujaa tena kwa dakika chache. Ni kazi ya kufanywa kila mwaka, na mimi nilikuwa sijaifanya kwa miaka miwili, kwa sababu mgongo unauma na hakuna aliyekuwa ananiuliza.

Nikavua kifuniko. Hakikuwa na kufuli. Kufuli lilishikwa na kutu tangu Januari nikalikata, nikaandika barua tatu za kuomba jipya, na ninyi mnajua barua za kuomba kufuli zinavyojibiwa. Nikateka. Kopo la kwanza lilipofika juu nikafanya jambo ambalo sheria inalikataza. Jua lilikuwa kali, cha saa tano nilikuwa nimekimaliza, na maji yalikuwa mkononi mwangu. Nikayaonja.

Maji ya ardhini ya Chilewela yana chumvichumvi. Hayaui mtu, ila chai yake haisifiwi. Haya yalikuwa matamu, na nyuma ya ulimi yaliacha harufu ya dawa, ileile wanayotia kwenye maji ya bwawa kabla ya kuyagawa nyumba kwa nyumba.

Nikaonja tena. Nilikuwa nakunywa maji ya kikombe.

Nikateka mpaka utepe ukasoma mita arobaini na nane, nikakaa kwenye kivuli cha mnara. Baada ya saa nzima maji yalikuwa yamepanda mita mbili tu. Chujio lilikuwa limeziba kwa tope la mafuriko ya Machi. Maana yake kinachomiminwa kutoka juu kinakaa humo siku nyingi kabla hakijavuja. Na bomba lenyewe ni jembamba kiasi kwamba nusu lita tu inayapandisha maji robo mita. Nilikuwa bado napiga hizo hesabu kichwani kengele ya saa tisa ilipolia.

Watu wakanywa majumbani mwao, kama kawaida. Halafu nikamwona mama.

Alikuwa anakuja kwa njia ya nyuma ya zahanati, kanga begani, kikombe cha bluu mkono mmoja na mkono wa pili umekifunika kisimwagike. Alitembea taratibu na kwa uangalifu mkubwa. Nyuma yake walifuata Mama Chalo na wanawake wengine wawili wa mtaa wetu, nao na vikombe vyao. Walipofika, mama akashtuka kidogo kuniona siku isiyo Ijumaa, lakini hakuona sababu ya kujificha. Akainama kwenye bomba, akamimina polepole mpaka tone la mwisho.

Nikashusha utepe. Maji yalikuwa yamepanda sentimita ishirini na tano.

"Mama, unafanya nini?"

"Narudisha," akasema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafagia.

Nilikuwa nimeisikia desturi ile utotoni. Zamani, kiangazi, watu walifukua mashimo kwenye mchanga wa mto mkavu mpaka maji yachomoze. Aliyefukua hakunywa kwanza. Alichota kata ya kwanza akairudisha shimoni, ndipo akanywa. Sikujua kwamba kuna mtu bado anaifuata.

"Mito imezuiwa, visima vina makufuli," mama akaendelea. "Nirudishe wapi? Tundu lililobaki wazi ni hili lako."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Vikombe vingapi?"

"Cha saa tano na cha saa tisa. Vingine nakunywa, si mnanisimamia."

Nikakaa chini kwenye vumbi mbele ya majirani. Mama hakuwa anasahau. Daktari alikosea, nami nilikosea pamoja naye. Alikuwa anazisikia kengele zote, anachukua kikombe chake, anatembea nusu kilomita juani na kukimwaga ndani ya kipimo changu.

"Mama, umelazwa mara mbili. Ungekufa."

"Kwani nilikuwa na kiu?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Mimi sisikii kitu, Yaledi. Kikombe kiko mbele yangu na sikitaki. Ardhi inakitaka. Na wewe kila Ijumaa ulikuwa unarudi umekunja uso, hayapandi, mama, hayapandi. Chakula huli vizuri. Nilipoanza kurudisha, yakapanda. Siku hizi unacheka."

Mama Chalo akatikisa kichwa kukubaliana naye. "Sisi tuliona yanapanda, na sisi tukaanza. Tuko kama ishirini hivi. Cha saa tisa tu, siku kwa zamu. Kuna ubaya?"

Nikawaeleza ubaya, kwamba walikuwa wanalijaza bomba, si ardhi. Niliwaeleza kwa upole, jambo ambalo si tabia yangu. Mama Chalo alielewa kwanza, akakitazama kikombe chake kilichojaa, akakinywa palepale. Mama aliendelea kulitazama bomba.

"Kwa hiyo hayakupanda," akasema mwishowe.

"Yamepanda, ila si kiasi kile."

"Basi," akasema. Akajifunga kanga, akarudi nyumbani peke yake.

4

Usiku ule sikulala. Nililikomba bomba tena jioni ileile na kulifunga kwa waya, na asubuhi ya Ijumaa maji yalikuwa yamesimama. Mita arobaini na tatu na sentimita ishirini.

Nikampigia Injinia Madeje kabla sijaandika. Nikamweleza yote, hata la kufuli na la kutolikomba.

"Chombo kiliposoma jana asubuhi, kabla hujalikomba, kilikuwa kwenye thelathini na nane kamili; za baada ya hapo tutasema ni za kukomba," akasema. "Ninayo hapa mbele yangu. Wewe ukiandika hiyohiyo, mnara unatuma ishara saa sita. Hakuna atakayeuliza."

"Maji hayapo, Injinia."

"Yapo, hayatoshi. Si kitu kimoja. Nisikilize, dada. Mita tano ni misimu miwili mizuri, pengine mitatu. Mwaka jana walikauka mia na kumi na wawili. Zidisha mwenyewe. Hao nao si watu? Mke wangu ana mawe kwenye figo, analia kama mtoto. Na mama yako unaijua hali yake."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiomba, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Nami nikamwambia anachokijua. Chini ya maji yetu kuna maji mengine, ya chumvi kali. Yetu yamekaa juu yao. Tukifungua pampu hodhi likiwa kwenye arobaini na tatu, na watu elfu sitini wana kiu ya miaka sita, tutanyonya kwa nguvu mpaka ya chumvi yapande. Yakishapanda, hodhi halirudi kuwa la kunywa, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo maana waliweka thelathini na nane na si namba nyingine.

"Labda hayatapanda," akasema Madeje. "Ni makadirio."

"Labda. Wewe utaandika labda?"

Nilimsikia anahema.

"Mtu anayepima ni wewe," akasema.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilikaa na kalamu mkononi, na nataka ijulikane kwamba sikuwa shujaa. Nilimwona mama kalala kwa mara ya tatu, midomo imepasuka. Niliiandika tatu na kuiacha hapo. Ilihitaji nane tu mbele yake, na mama angeamka kesho koo limekauka, angetafuta maji mwenyewe, angekunywa bila mtu kumsimamia. Nilimpenda mama yangu kuliko watu elfu sitini. Bado nampenda hivyo.

"Injinia, bado uko kwenye simu?"

"Nipo."

"Usikate. Naandika arobaini na tatu nukta mbili, na nataka mtu asikie, nisije nikabadilisha."

Nikaifuta ile tatu, nikaandika. Nikaisoma kwa sauti mara mbili. Madeje akairudia kwa sauti ndogo, kisha akasema atawaambia wenye maturubai. Nikamwomba mambo matatu: kufuli, fundi wa kuzibua chujio, na tangazo la kengele liseme wazi kwamba hakuna kurudisha. Kufuli lilikuja siku hiyohiyo kwa pikipiki. Huo ndio upesi tulionao, tukishaumia.

Habari ilifika mtaani kabla yangu. Watu hawakunitukana. Waliacha kunisalimu tu, na mzee mmoja aliyekuwa ameshamwahidi mkewe kiu alipoteza mkongojo wake akiutupa kuelekea upande wangu. Nikamwokotea. Hakunishukuru, na sikutarajia.

5

Jumamosi sikwenda mnarani. Mama alikuwa amekaa kibarazani, kikombe cha bluu kando yake, mikono mapajani. Tangu Alhamisi alikuwa hajasema mambo mengi.

"Umenikasirikia," nikasema.

"Sijakukasirikia. Najifikiria mimi. Miezi mitano namwaga maji kwenye chuma." Akakizungusha polepole kikombe chake cha saa tano, kimejaa. "Na wewe ungeandika thelathini na nane, ningepata kiu leo."

"Ungepata."

"Ukaacha."

"Nikaacha, mama."

Nilingoja aseme neno la kuniumiza. Alikuwa na haki nalo. Badala yake akaniuliza, "Hivi kiu inakuwaje?"

Nikafikiri. Miaka sita hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia inaanzia kwenye ulimi, unakuwa mzito na kama umepakwa unga. Kisha mate yanakuwa haba na mazito. Kisha unaanza kusikia maji kila mahali, mtu akisuuza sufuria nyumba ya tatu unamsikia. Hasira zinakuwa karibu. Mwishoni hufikirii kitu kingine.

"Kumbe," akasema. Alinitazama kwa muda mrefu, kama vile ndiyo kwanza naingia mlangoni. "Na umekaa nayo muda wote huu."

"Nimeizoea."

"Si kweli." Akanishika kiwiko. "Basi ukiisikia, niambie. Kengele mimi naidharau, ni chuma tu. Wewe ukiniambia una kiu, nitakunywa."

"Nitakuwa kazini siku nyingine."

"Tutakwenda wote. Nitakaa kwenye kile kivuli chako nikulindie kufuli."

Tukakaa. Jua lilipanda, vifaranga vya jirani vikapita, mtu akawa anatwanga mbali. Kengele ya saa tano ilikuwa bado. Kwenye saa nne na robo ulimi ukaanza kuwa mzito.

"Mama," nikasema, "nina kiu."

Akachukua kikombe chake kwa mikono yote miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.